Mshauri Mwanafunzi na Kidonda Chake

Anayeomba kusomea ushauri nasaha akiulizwa kama amewahi kupitia jambo zito, hujifunza upesi jibu litakalompitisha: "Ndiyo, ila nimeshapona." Jibu hilo hunitia wasiwasi kuliko jambo lenyewe alilolipitia.

Wanaotaka mchujo mkali, waliopitia mazito wasipokelewe, wana hoja nzito. Katika zoezi la wawili wawili nililosimamia, mmoja aliigiza mteja aliyefiwa na baba. Mwenzake aliyekaa kama mshauri aliacha kuandika, kalamu ikabaki hewani, kisha akaanza kumwaga nasaha: omba, jishughulishe, usikae peke yako. Alikuwa akiukimbia msiba wake mwenyewe. Angekuwa mteja wa kweli, angeondoka mpweke kuliko alivyokuja, na mteja hastahili kutendewa hivyo.

Lakini tukisema wenye vidonda wakae pembeni, atabaki nani? Utafiti mmoja wa California, kati ya 1995 na 1997, uliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu utoto wao: kupigwa, kunajisiwa, kuishi na mlevi, kumwona mama akipigwa na mengine ya aina hiyo. Karibu thuluthi mbili walikuwa wamepitia angalau moja. Nao walikuwa watu wa kawaida waliokwenda kupimwa afya zao. Tangu niisome takwimu hiyo, nikiingia darasani huhesabu viti. Kwa uwiano huo, katika wanafunzi 30 wangetoka 20, na hapo hatujagusa ya ukubwani: talaka, ajali, mimba zilizoharibika. Tena wangetangulia kutoka wasema kweli, wakabaki wanaojua kuficha.

Marsha Linehan wa Marekani alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili mwaka 1961, akiwa na miaka 17, akakaa humo zaidi ya miaka miwili. Ndiye aliyekuja kubuni tiba inayotumika hadi leo kwa watu wanaojaribu kujiua mara kwa mara. Hadharani alilisema hilo la kulazwa mwaka 2011, akiwa na miaka 68. Ikiwa yeye, pamoja na heshima yote aliyokuwa nayo, alingoja hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesubiri alama atathubutu vipi?

Yule wa kalamu nilimwita kando. Baba yake alikuwa amefariki miezi minne nyuma, na hakumwambia mtu chuoni. Tulikubaliana asipokee wafiwa muhula ule, aendelee na wateja wengine, na apate mshauri wake asiyefundisha pale. Hilo la mwisho ndilo hupuuzwa mno. Mtu akijua kwamba anayemsikiliza ndiye atakayempa alama, atachuja hata machozi yake. Vikao na mshauri wa namna hiyo viwekwe kwenye ada na ratiba ya kila mwanafunzi tangu wiki ya kwanza, asiachiwe kuviomba aliyekwisha kuzidiwa.