Rangi Milioni 16, Zote Zina Wenyewe

Jamani, hivi Dar hii kuna kitu kisicho na chama?

Mimi nilitaka mwanga tu. Nina IST, ile ambayo ukiiegesha Kariakoo asubuhi, mchana unarudi unahangaika kuingiza ufunguo kwenye gari la mtu. Ndani ina kataa kamoja juu, kanjano, kanawaka kwa kujionea huruma. Sarafu ikidondoka chini ya kiti usiku, hesabu umetoa sadaka. Na kinachoniuma ni hiki: Akasaki, Amano na Nakamura, wote watatu wazaliwa wa Japani, walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa ile taa ya LED ya bluu waliyoihangaikia hadi ikakubali mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gari langu nalo ni la Japani. Redio yake mpaka leo inanisalimia Kijapani kila nikiwasha, na mimi naitikia. Lakini miguuni kwa abiria? Giza. Kwao waligundua mwanga, kwangu wakaleta salamu.

Ningevumilia, ila siku hiyo bosi wetu akanipa lifti kwenye Benz yake. Mlangoni mstari wa mwanga, kwenye dashibodi mstari wa mwanga, akigusa kioo rangi inahama taratibu utadhani jua linazama Kigamboni. "Ziko rangi 64," akaniambia, kwa sauti ile ile anayotumia kukataa ombi la mkopo wa mshahara.

Kesho yake nikaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya vifaa vya magari. Muuzaji akanitolea mkanda wa LED kwenye boksi limeandikwa rangi milioni 16. Nikamwambia kijana, usinidanganye, mimi mtu mzima. Akanielewesha: ndani ya kila punje mna taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila moja ina ngazi 256 za mwanga. Zidisha 256 kwa 256, kisha kwa 256 tena. Nikapiga hesabu kwenye simu pale pale: 16,777,216. Bosi ana 64! Nilitoka Gerezani natembea kifua mbele.

Fundi umeme aliufunga mkanda chini ya dashibodi na chini ya viti, waya kauficha vizuri, sina neno. Ila moto kauchukua kwenye laini ya moja kwa moja badala ya ile inayokatika ukizima gari. Hakuuliza, na mimi ningejuaje? Taa zikakesha. Asubuhi betri haina hata nguvu ya kunisalimia Kijapani. Wakaja wanaume wa mtaa mzima kusukuma, wakasukuma kwa moyo kweli, hadi kona ya dukani, ndipo mzee mmoja akauliza, "Hili si otomatiki hili?" Otomatiki haisukumwi ikawaka. Soda nilinunua hata hivyo, watu walishatoka jasho.

Gundi nayo. Hili joto letu halina adabu na gundi. Mama mkwe kaja kutoka Morogoro, nimempokea stendi, nimembebea mizigo, shikamoo nimeipiga kwa heshima zote. Tumefika njiani mkanda ukabanduka, ukamlalia mguuni huku unawaka. Alipiga kelele ya nyoka hadi bodaboda wa pembeni wakaacha njia. Mpaka leo akija anapanda daladala.

Lakini hayo ni madogo. Shida yenyewe ni rangi.

Nilianza na kijani, kwa nia njema kabisa, nikidhani inapumzisha macho. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye tangu nihamie hajawahi kunijua, akanipungia mikono yote miwili. "Karibu nyumbani, komredi!" Nyumbani wapi? Hapo hapo mke wangu, Yanga damu, akajaa kwenye kiti cha mbele anatabasamu: "Leo umenena." Mimi Simba, jamani. Nitaendeshaje ndani ya jezi ya mtani?

Nikahamia bluu. Bajaji zikaanza kunipisha, nikafurahi kidogo, kumbe wanaona mwanga wa bluu kwa nyuma wanadhani ni polisi. Wakinifikia wakikuta ni mimi, wanavyoniangalia ni bora wangenitukana. Nikaweka zijipokeze zenyewe: bluu, nyeupe, nyekundu. Shemeji akainama dirishani akanong'ona, "Kaka, umeamua kujitokeza hadharani? Maana hizo ni za Chadema." Nikabadilisha kabla hajamaliza sentensi. Zambarau! Nikasema hapa nimepona. Mlinzi wa getini, Mzanzibari, akanipa mkono wa nguvu: "ACT, baba!" Jirani wa upande wa pili, mwanakwaya, akaniuliza kama ndiyo nimeanza Kwaresma mapema.

Pinki binti zangu waliipigia makofi. Vijana wa maskani nao walipiga, ila makofi ya aina nyingine. Nyeupe nikaiweka jioni moja, nikajitazama kwenye kioo: nimepauka, mke amepauka, mtoto kiti cha nyuma kama kapungukiwa damu, tukaonekana familia nzima tunawahi zahanati.

Sasa fanya hesabu. Milioni 16 na ushee, na mimi sijapata hata moja isiyo na mwenyekiti.

Mwisho nikaamua: nyekundu. Na nikaenda na hoja. Nikamwambia mke wangu, mama, hii si Simba, hii ni sayansi. Jicho likishazoea giza, mwanga mwekundu hafifu haulisumbui sana. Ndiyo maana manowari na ndege za zamani ndani mlikuwa na taa nyekundu, nahodha akitoka nje aone. Bluu ndiyo inayokuharibia macho usiku, tena inajirudisha kwenye kioo cha mbele unaona dashibodi badala ya barabara. Alinisikiliza vizuri tu. Kisha akauliza, "Na hiyo jezi umevaa kwa ajili ya manowari?"

Nikaipunguza iwe hafifu, maisha yakaendelea. Nilikuwa sijaijua ile programu ya simu. Kwanza nilipoipakua iliniomba ruhusa ya kujua nilipo. Taa ya miguuni! Uko ndani ya gari langu, unauliza niko wapi? Nikairuhusu, nikidhani angalau baada ya udadisi wote huo itakuwa na neno la siri. Haina. Bluetooth yake iko wazi kama choo cha stendi. Yeyote mwenye programu ile ile, akiwa karibu, anaingia. Na akishaingia yeye, wewe mwenye mali unasubiri nje.

Nilijua hayo usiku wa watani wa jadi. Matokeo sitayataja, nina familia. Nimekaa garini uani, redio nimezima, nataka kimya changu. Ghafla gari zima likawa kijani. Nikashika simu, nikarudisha nyekundu. Wapi. Simu inaniambia kifaa hakipatikani, na kifaa kinanimulika magotini! Ikaja njano. Ikarudi kijani. Njano, kijani, njano, kwa mdundo. Ng'ambo ya ukuta, sebuleni kwa jirani, nikasikia kicheko ninachokijua, na wageni wake wanaitikia.

Yule bwana ana mkanda kama wangu, wa nyuma ya runinga. Duka moja, boksi moja.

Nikataka kung'oa waya. Nikashika hadi fyuzi. Kisha nikatazama simu tena, nikaona kwenye orodha limetokea jina lile lile la taa, mawimbi yamejaa, na si la gari langu. Kumbe simu yake ilikuwa imeshikana na viti vyangu, na runinga yake ameiacha haina mwenyewe.

Nikaligusa. Likafunguka.

Dirisha lake lina pazia jepesi na ukutani kuna bendera kubwa ya Yanga, ya sherehe za ubingwa. Nilichagua nyekundu ile yenyewe, ya Msimbazi, bila kuchanganya na kitu. Sebule yote ikaiva. Bendera ikapotea rangi. Kicheko kikakatika, nikasikia mtu anaulizwa kwa ukali nani kakalia rimoti, na mgeni mmoja anasema, "Mzee, kwako kumekuwa vipi tena?"

Pale chini kwenye programu kuna kitufe cha mwangaza. Kilikuwa kwenye asilimia 40. Nikakivuta hadi 100.