Kutoka Geita hadi Ballarat: nani ana karatasi ya dhahabu?

Mimi ni mtoto wa Geita, naishi Ballarat, jimbo la Victoria, Australia. Miji yote miwili imekuzwa na dhahabu, na ndugu zangu huniuliza hawa wametuzidi nini. Kwangu jibu ni moja: haki ya anayeshuka shimoni.

Haki hiyo ililipiwa kwa damu. Dhahabu ilipopatikana hapa mwaka 1851, serikali ya kikoloni ilimtoza kila mchimbaji shilingi 30 kwa mwezi, apate asipate, na polisi wakawa wanasaka wasio na leseni. Tarehe 29 Novemba 1854 wachimbaji walizichoma leseni, kisha wakajenga boma pale Eureka chini ya Peter Lalor, Mwairishi. Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba, askari wakalivamia. Haikufika nusu saa, wachimbaji wasiopungua 22 wakawa wameuawa. Wa kwanza kushtakiwa kwa uhaini alikuwa John Joseph, mtu mweusi kutoka Marekani. Aliachiwa huru, na umati ukambeba juu ya kiti katika mitaa ya Melbourne. Natamani watoto wetu wanaosoma huku walijue jina hilo kama wanavyolijua la Lalor.

Mwaka 1855 leseni ile ilifutwa. Kodi ikahamia kwenye dhahabu inayopelekwa nje, na mchimbaji akapewa hati ya pauni moja kwa mwaka, iliyomlindia eneo lake na kumpa kura.

Kwenye kodi, nyumbani tumepatia: katika masoko ya madini yaliyoanza 2019, mrabaha hukatwa dhahabu ikishauzwa. Lakini leseni ni ya mwenye eneo. Kijana aliye ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, mara nyingi anategemea mgao wa mifuko ya mawe na maneno ya mdomo. Duara likimfukia, mama yake atadai kwa karatasi gani? Hili linaniuma sana.

Wala siwapambi wa huku. Mwaka huohuo 1855 Victoria iliweka kodi ya pauni 10 kwa kila Mchina aliyeingia kwa meli. Wengi wakashukia Robe, koloni ya jirani, wakatembea mamia ya kilomita hadi machimboni. Wadawurrung, wenye ardhi yenyewe, hawakuulizwa lolote.

Kwa hiyo nawaomba wanaotunga kanuni Dodoma: kila anayefanya kazi machimboni awe na mkataba wenye jina lake, mvuta kamba na mama anayeponda mawe wakiwemo.