Farasi Gani Atashinda, na kwa Bei Gani?

Jumamosi ya kiangazi nchini Uingereza, mbio za farasi hufanyika katika viwanja vitano au zaidi, na kila kiwanja huwa na mashindano sita, saba, hata manane. Kabla watu hawajamaliza chai ya asubuhi, kurasa za michezo zimeshataja farasi mmoja wa kushinda katika kila shindano, la kwanza mpaka la mwisho. Hakuna linaloachwa wazi. Shaka yangu inaanzia hapo: mtu mwenye maoni thabiti juu ya mashindano thelathini na kitu kwa siku moja ama ana kipaji cha kutisha, ama analipwa kujaza ukurasa.

Hata hivyo tusiwadharau watabiri kwa pupa, maana kazi yao ina msingi. Kadi ya mbio ina habari nyingi kuliko karatasi ya timu ya mpira. Tuseme pembeni mwa jina la farasi wa mbio za kuruka viunzi pameandikwa 21-P40. Matokeo ya zamani yako kushoto, ya karibuni kulia. Alikuwa wa pili, kisha akashinda. Kistari kinaonyesha msimu uliishia hapo. Msimu mpya ukaanza kwa P, yaani joki (mpanda farasi) alimsimamisha kabla ya mwisho. Halafu akawa wa nne. Ile sifuri maana yake hakuingia hata kwenye tisa bora. Mtu wa haraka anamfuta hapo hapo. Mchambuzi anauliza kwanza: zile mbio tatu mbovu zilikuwa za umbali gani, na nyasi zilikuwa na hali gani? Kama alishinda kwenye ardhi iliyolowa, zile tatu zote zikawa kwenye ardhi kavu, na leo mvua imenyesha tangu usiku, basi tarakimu zile zile zinasoma vingine kabisa. Akiwa pia na herufi C (ameshawahi kushinda kwenye kiwanja hiki) au D (ameshinda umbali huu), kuna jambo la kufikiria.

Kuna mambo mengine yanayopimika vizuri tu. Pale Chester, Uingereza, kiwanja ni kidogo na kimejikunja karibu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo katika mbio fupi farasi aliyepangiwa lango la ndani ana faida, na aliyetupwa lango la nje huzunguka njia ndefu. Hilo si siri wala ushirikina. Vivyo hivyo kuhusu mkufunzi ambaye farasi wake wote wamekuwa wakikimbia vibaya kwa wiki tatu: huenda zizi zima lina kirusi, na farasi wake wa leo, awe na sifa gani, ni wa kuangaliwa kwa jicho la tatu.

Ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba mbio zinaweza kusomwa unatoka Hong Kong. Katikati ya miaka ya 1980, Bill Benter, Mmarekani aliyekuwa akiishi kwa kuhesabu karata kwenye kasino za Las Vegas, alikwenda huko na mwenzake Alan Woods. Walichagua mahali vizuri. Hong Kong ina viwanja viwili tu, Happy Valley na Sha Tin. Farasi ni wale wale, wanakutana tena na tena, na kumbukumbu zao zimehifadhiwa kwa ukamilifu. Benter akajenga programu ya kompyuta iliyokadiria nafasi ya kila farasi. Mwanzoni walipoteza sehemu kubwa ya mtaji. Baadaye wakatajirika, na mwaka 1994 Benter akachapisha makala ya kitaalamu akieleza mbinu yenyewe.

Makala hiyo ndiyo hunukuliwa na kila anayeuza utabiri: mnaona, inawezekana! Wanachokiruka ni kwamba Benter hakutegemea hesabu zake peke yake. Makadirio ya programu aliyachanganya na odi za umma, yaani bei zinazotokana na maoni ya maelfu ya watu waliokwisha kuweka fedha zao, kwa sababu umati ulijua mambo ambayo takwimu zake hazikuyaona. Mtu aliyewashinda wote aliwasikiliza wote kwanza.

Na hiyo ndiyo nguvu ya upande wa pili, wa wenye shaka na utabiri. Yote niliyoyataja juu, mvua, lango, umbali, afya ya zizi, yanajulikana na wengine pia, nao wameshayatia ndani ya bei. Farasi ambaye ni chaguo la wengi hushinda karibu theluthi moja ya mashindano huko Uingereza na Marekani. Kwa hiyo mtu asiyejua mkia wala kwato anaweza kuchukua kadi nzima, akaweka alama kwa kila chaguo la wengi, na jioni akajisifu kuwa amepata wawili au watatu kati ya saba. Mtabiri wa gazetini akipata hao hao, amefanya kazi gani?

Tena kuna makato. Kwa odi za namna tuliyoizoea Afrika Mashariki, tuchukue shindano la farasi sita: 2.50, 4.00, 6.00, 8.00, 11.00 na 15.00. Gawa 100 kwa kila moja upate nafasi ambayo bei hiyo inadai: asilimia 40, 25, karibu 17, 12.5, karibu 9 na karibu 7. Jumlisha. Haiji 100, inakuja karibu 110. Ile kumi ya ziada ndiyo mkate wa mwenye duka la kubeti. Fedha zikigawanyika kulingana na bei hizo, katika kila shilingi 100 zinazowekwa yeye anabaki na kama tisa, ashinde farasi yupi. Hong Kong hawafichi: klabu ya mbio hukata asilimia 17.5 ya fedha zote zilizowekwa kwa kutabiri mshindi kabla ya kugawa chochote. Mchambuzi hahitaji kuwa bora kuliko umati tu. Anahitaji kuwa bora kwa kiasi kinachozidi makato, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Handikapu zinaongeza ugumu. Humo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi, na katika mbio za maili moja ratili mbili huhesabiwa kuwa karibu sawa na urefu wa farasi mmoja mwishoni. Ofisa anayepanga uzito ana lengo moja: wote wafike mstarini pamoja. Kwa maneno mengine, kuna mtaalamu analipwa mshahara kuhakikisha utabiri wako haufanyi kazi, na sioni ajabu kwamba chaguo la wengi hushindwa mara nyingi zaidi kwenye handikapu kuliko kwenye mbio nyingine.

Siku inayoonyesha pande zote mbili kwa pamoja ni 28 Septemba 1996, pale uwanja wa Ascot, Uingereza. Joki Frankie Dettori alishinda mashindano yote saba ya siku hiyo. Kwa bei za mwisho kabla ya kila shindano kuanza, kuwaunganisha wote saba kulilipa zaidi ya 25,000 kwa 1, yaani faida ya zaidi ya 25,000 kwa kila 1 uliyoweka. Wengi wa waliofaidika hawakuwa wachambuzi. Walimfuata joki wanayempenda, basi. Ila linalonivutia mimi ni shindano la saba. Fujiyama Crest, farasi aliyepandwa na Dettori, asubuhi alikuwa akipatikana kwa 12 kwa 1. Ilikuwa handikapu ya maili mbili, naye alibeba uzito mkubwa kuliko wote. Lakini kampuni za kamari nchi nzima zilikuwa zimeshikwa na hofu ya mikeka iliyobakiza farasi mmoja, zikamwaga fedha kiwanjani kuishusha bei, mpaka akaanza mbio kwa 2 kwa 1.

Gary Wiltshire, mchezeshaji kamari aliyekuwepo kiwanjani siku hiyo, aliona kuwa hiyo bei haina akili. Farasi hakuwa amebadilika tangu asubuhi. Kilichobadilika ni hofu tu. Akakubali madau ya watu, moja baada ya jingine, makubwa kwa madogo. Fujiyama Crest akaongoza tangu mwanzo na kuhimili kwa tofauti ya shingo mbele ya Northern Fleet aliyepandwa na Pat Eddery. Wiltshire akapoteza zaidi ya pauni milioni moja.

Je, alikosea? Kuhusu mshindi, ndiyo. Kuhusu bei, nasema hapana, na ningependa kumsikia anayebisha. Farasi mwenye nafasi moja kati ya kumi na tatu, kama bei ya asubuhi ilivyodai, hushinda, tena hushinda mara nyingi tu ukihesabu miaka. Kosa lake, kama lipo, ni kuweka karibu kila alichokuwa nacho juu ya shindano moja. Kwa upande mwingine, yule aliyemwekea Fujiyama Crest kwa 2 kwa 1 alipata mshindi na bado alinunua ghali. Kurasa za utabiri hazina nafasi ya kuandika sentensi hiyo, kwa sababu zinapimwa kwa idadi ya washindi peke yake.

Mbio zenyewe nazo hazina adabu. Mwaka 1967, katika Grand National, mbio maarufu za kuruka viunzi za Uingereza, farasi asiye na joki alikatisha mbele ya kiunzi, karibu wote wakarundikana, na Foinavon wa 100 kwa 1 aliyekuwa nyuma sana akapata upenyo na kwenda zake. Mwaka 2022 Rich Strike alishinda Kentucky Derby ya Marekani kwa 80 kwa 1. Mpaka siku moja kabla hakuwa hata kwenye orodha ya wanaokimbia, aliingia baada ya mwingine kuondolewa. Aliyemaliza uchambuzi wake siku mbili kabla huenda hakumhesabu kabisa. Hao wasitupotoshe lakini: ukiwafuata farasi wa bei kubwa kila siku, kwa Uingereza na Marekani fedha zitaisha upesi kuliko ukifuata chaguo la wengi. Umati huwapenda wanyonge kupita kiasi, na bei yao huwa mbaya kuliko inavyoonekana.

Kwa jirani zetu wa Nairobi, uwanja wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954 na unaoendeshwa na Jockey Club of Kenya, uko karibu na Hong Kong kuliko Ascot katika jambo moja: kundi la farasi ni dogo na wanafahamiana. Mtu anayehudhuria Jumapili nyingi atajua nani anachukia tope la masika kabla kadi haijamwambia. Faida hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba pale penye fedha kidogo, dau moja nene linatosha kuiharibu bei uliyoiona, na faida ya ujuzi wako inakuwa ya kahawa na sambusa.

Zile mbio za farasi za kwenye skrini katika maduka ya kubeti, zinazokuja kila baada ya dakika chache Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ziondolewe kabisa kwenye mjadala huu. Humo hamna farasi, hamna mvua, hamna zizi. Kompyuta inachagua namba. Anayekuuzia uchambuzi wa mbio hizo ni mwizi, sina neno la upole zaidi. Na kwa ndugu zetu walioko Dubai, ambako kwa miaka mingi kubeti kumekuwa marufuku, kumekuwa na shindano la bure la kutaja washindi saba kwa zawadi. Huko utabiri unabaki kuwa utabiri, na nadhani ndiko uchambuzi wa kutaja mshindi wa kila shindano unakofaa hasa, kwa kuwa bei haipo.

Kwingineko, ukikabidhiwa kadi ya mashindano saba, ningekushauri ufute handikapu zenye farasi wengi, ufute mbio za farasi wachanga ambao hawajawahi kukimbia, kisha uandike kwa penseli odi ambayo wewe ungeitoa kwa kila farasi katika mbili au tatu zilizobaki, kabla ya kutazama ya duka. Bei ya duka ikiwa chini ya yako, farasi huyo anaweza kushinda na hakuhusu.