Kontena halishuki Koru

Treni ya makontena ikipita hapa Nakuru, vijana hutoa simu wapige picha. Nami husimama kutazama, lakini moyo wangu bado uko kwa behewa la zamani, lile la mlango wa kusukuma.

Mjomba alikuwa hamali katika stesheni moja kati ya Londiani na Muhoroni. Likizo zikifika nilimpelekea chai. Behewa lilikuwa limeachwa kwenye reli ya pembeni tangu jana, injini imeshaenda zake. Kila gunia la kilo 90 lilipita kwanza kwa karani. Alilichoma bambo, chuma chenye mfereji cha kutolea sampuli, punje zikamwagikia kiganjani, akatafuna moja kusikia kama imekauka, kisha akachora chaki mlangoni: mistari minne wima, wa tano unaikata. Jioni mlango ulifungwa kwa waya na lakiri ya risasi.

Uzuri wa behewa ulikuwa huo. Lingeweza kuachwa popote penye reli ya pembeni, na mabega ya wanakijiji yakatosha kulijaza. Kontena la futi 20 lina uzito wa zaidi ya tani mbili hata likiwa tupu. Likijaa linadai kreni na uwanja wa zege. Koru, stesheni ndogo ya njia hiyo hiyo, wapate wapi kreni? Fort Ternan jirani yake je? Kwa hiyo treni inapita tu, na mkulima anambembeleza mwenye lori.

Malcom McLean, Mmarekani mwenye malori, alipopakia makontena 58 kwenye meli ya Ideal X mwaka 1956, alikuwa akitafuta dawa ya gharama za bandarini. Aliipata, simnyimi sifa. Ila maradhi yetu huku yalikuwa ya mavuno, si ya bandari.

Na wanaosema kontena ndilo lililotufundisha kusafirisha mzigo bila kuugusa, waende Kisumu. MV Uhuru na MV Umoja, meli za miaka ya 1960, zina reli sitahani. Behewa lilisukumwa ndani ya meli, likavuka ziwa hadi Jinja au Mwanza, gunia halijaguswa.

Sisemi behewa halikuwa na ila. Mwaka mmoja paa lilivuja, na mahindi ya mjomba ya safu ya juu yalifika yamechipua. Hakulipwa hata senti. Tena tangu 2019 reli mpya ya upana wa milimita 1435 inakomea upande wa Naivasha, na yetu ya zamani ni ya milimita 1000, kwa hiyo behewa la moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Pale kontena linahamishwa kwa kreni mara moja, magunia ya kubebwa moja moja yangekesha.

Basi makontena yaendelee kupita. Ninachotaka ni reli mbili za pembeni zifyekwe nyasi, Londiani na Koru, na mabehewa kumi yenye paa zima yaachwe hapo Novemba, mahindi yakianza kuvunwa. Tuone mwenye lori atataja bei gani.