Dakika kumi za Iringa

Jamani shemeji yako akikwambia "tunapita Iringa mjini dakika kumi tu, tuchimbe dawa tusepe" usimuamini hata akiapa. Tumetoka Dar saa kumi usiku tunaenda Mbeya harusini, Kitonga tumepanda kwa mwendo wa konokono nyuma ya malori, tumefika Ipogolo nikajua tunanyoosha, jamaa kakata kona kapandisha mlima kwenda mjini eti watoto waone Boma la Mjerumani.

Mwezi wa saba huo, mimi nina tisheti na kandambili za Dar. Bibi muuza maparachichi kaniambia "kamwene", kumbe ni salamu ya Kihehe, nikajibu "asante", alicheka huyo mpaka akaniongezea parachichi moja (au alihurumia meno yalivyokuwa yanagongana).

Ndani ya Boma shemeji anagonga kuta kama fundi, "ona, miaka mia na ushee haujapasuka". Hapo ndo hasira zikanipanda. Mimi nimepanga Mbagala, nyumba ya juzijuzi tu, nilipigilia msumari nitundike kalenda ukamwagika mchanga kikombe kizima na msumari ukatokea kwa jirani, namsikia anauliza "nani huyo?" Nikamwambia mama mwenye nyumba, akasema kalenda yako nzito.

Nikadhani tumemaliza. Wapi! Mke wangu kasikia Kalenga sio mbali, ndo kwenye fuvu la Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, haya twende. Mwongozaji kasimulia vizuri sana, Wahehe walivyowafumua Wajerumani pale Lugalo 1891, Mkwawa akajipiga risasi 1898 ili asikamatwe, kichwa wakakibeba hadi Ujerumani, kikarudishwa 1954. Watoto kimyaa, tumbo langu likanguruma mpaka mwongozaji akageuka kuangalia ni nani anauliza swali.

Nikamnong'oneza shemeji kwamba masaa matatu sasa. Akanijibu mwenzio kurudi nyumbani ilimchukua zaidi ya miaka 50 wewe unalia masaa matatu? Nikanyamaza, utashindana vipi na Mtwa.

Jua linazama, Mbeya bado kilomita zaidi ya 300, mimi nimejifunga kitenge cha mke wangu mabegani natafuna parachichi ambalo kumbe halijaiva, simu ya harusini ikaita, mmefika wapi nyie? Shemeji kaweka spika, hata kope hajapepesa:

"Tunaingia hapo, dakika kumi tu."