Picha ya slaidi bado si notsi

Slaidi mpya ikitokea ukutani, simu zinanyanyuka ukumbi mzima. Zinapiga, zinashuka, kalamu zimelala. Wapo wahadhiri ambao siku hizi husubiri kwanza simu zishuke ndipo waendelee.

Wanaotetea picha wana hoja, tena nzito. Mchoro wa figo wenye majina ishirini haunakiliki kwa dakika moja, na anayejaribu kuuchora hasikii tena kinachosemwa. Aliyekaa nyuma huikuza picha akasoma. Aliyeugua hutumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Lakini chukua somo la uchumi. Mhadhiri anaeleza bei ya tende kuelekea Ramadhani: unatokea mstari wa mahitaji, unafuata wa ugavi, kisha ule wa kwanza unasogea kulia na bei inapanda. Picha inanasa mwisho tu, mistari mitatu iliyopishana, hujui upi ulitangulia wala nini kiliusogeza. Usiku wa kuamkia mtihani niliwahi kukodolea picha ya namna hiyo, nikaikuza mpaka herufi zikafifia. Maelezo yalitoka mdomoni mwa mhadhiri wakati mimi nahangaika na kamera.

Na kuandika notsi kwa kompyuta je? Mwaka 2014 watafiti Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti ambamo walioandika kwa mkono walijibu maswali ya kuelewa dhana vizuri kuliko waliochapa kwa kompyuta, ambao walielekea kunakili neno kwa neno. Watu waliushika kama msahafu. Watafiti wengine wakaurudia, na matokeo yao ya 2021 yakaonyesha kunakili kulekule, ila kwenye majibu ya maswali hawakuona tofauti ya maana. Sioni basi sababu ya kumnyang'anya mtu kompyuta. Muhimu ni anachoandika.

Kama slaidi utaipata baadaye, usiinakili. Andika namba yake pembeni, kisha lile lisilokuwemo: "mahitaji yamesogea kwa sababu ya mfungo, si kwa sababu ya bei". Video ikichezwa, weka kalamu chini utazame. Ikiisha, andika mambo mawili uliyoyaona.

Hapo wahadhiri nao wanadaiwa. Wengi wakizima video wanaruka moja kwa moja kwenye slaidi inayofuata. Wengine hawagawi slaidi mapema wakihofia viti vitabaki vitupu. Hofu hiyo naielewa, lakini anayeumia zaidi ni yule aliyekuja darasani, anayelazimika kuchagua kati ya kusikiliza na kupiga picha.