Duranta Haihitaji Maabara, Nandina Inaihitaji

Mwenye kitalu cha maua hapa Nakuru akitaka miche 500 ya duranta, kichaka cha kupanda kama uzio, hukata matawi, huyachomeka kwenye viriba na kumwagilia hadi yashike. Siku hizi anaambiwa na vijana waliosomea kilimo kwamba aachane na hayo, ahamie tishu kalcha, yaani kuzalisha miche maabara kutokana na kipande kidogo cha mmea. Naona ushauri huo ni sahihi kwa vichaka vingine na hasara tupu kwa vingine.

Nguvu ya maabara haina ubishi. Kichipukizi kidogo husafishwa kwa klorini, kikawekwa kwenye chupa yenye agari (kitu kama jeli kinachoshikilia mmea), sukari, madini na homoni. Kikizaa machipukizi manne kila wiki sita, na yote yakarudishwa chupani, kwa hesabu tu utakuwa na 4,096 baada ya wiki 36. Ndiyo njia iliyovikomboa vichaka vigumu kama nandina na rododendroni, ambavyo vipandikizi vyake huchelewa kutoa mizizi au hukataa kabisa.

Lakini duranta hushika yenyewe. Kwa nini uilipie mtungi wa mvuke wa nyuzi 121 wa kuua vijidudu na taa za saa 16 kwa siku? Ukungu ukiingia chupani, chupa nzima ni ya kutupa.

Wapo wanaoipinga tishu kalcha kwa kuwa miche yake yote inafanana, ugonjwa mmoja unaweza kuimaliza. Hoja hiyo hainishiki: kipandikizi nacho ni nakala ya mama yake. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vichaka vyenye majani ya rangi mbili. Mabaka yale yanaweza kupotea chupani, mteja aliyelipia manjano akapelekewa kijani kitupu.

Hata hivyo, jambo zito liko nje ya maabara. Jani lililokulia chupani lina nta nyembamba, na vitundu vyake vya hewa havijazoea kujifunga. Ulitoe leo kwenye jua la Nakuru la Januari, lenye upepo na vumbi, kesho limekauka. Mche unataka neti ya kivuli, unyevu mwingi hewani, kisha kufunuliwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Waliopanda migomba ya tishu nchini Kenya tangu miaka ya 1990 wanajua: mche safi usiopata maji na uangalizi haukusaidii chochote.

Kwa hiyo simshauri mwenye kitalu ajenge maabara. Duranta na bogenvilia aendelee kuzikata kwa kisu. Nandina anunue miche ambayo imeshatolewa chupani na kuzoeshwa, hata ikiwa ghali kidogo, na aagize ifike Aprili, mvua ndefu zikiwa zimeanza. Akinunua ya chupani kwa sababu ni ya bei nafuu, basi neti na chumba cha unyevu viwe tayari kabla chupa hazijafika.